Jina la Mvua na Kipimo Chake

Njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro hupita Kibaha, na mojawapo ya vituo vyake ni Kwa Mathias. Msafiri hushuka hapo katikati ya maduka, pikipiki za abiria na akina mama wauzao maembe na mihogo. Akiacha barabara na kuingia ndani kidogo, kelele za magari hupungua, na ardhi ya kichanga humwonyesha mikorosho, minazi michache, na migomba iliyojificha karibu na kuta za nyumba. Mwezi wa Oktoba 2022 nilialikwa kuzungumza juu ya methali na wanafunzi wa shule moja ya sekondari isiyo mbali na hapo. Nikaanza na ile ambayo kila mtoto huijua, kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Msichana mmoja akasimama nyuma ya darasa akasema: “Samahani mwalimu, mawingu yapo tangu juzi. Mbona mvua haipo?”

Nilimjibu kama mwalimu wa lugha ajibuvyo. Nilisema methali haizungumzi habari za mvua, huzungumza mambo ya wanadamu. Darasa lilicheka na mimi nikaendelea. Lakini jibu lile lilikuwa njia ya kukimbia, na nadhani yule msichana aliligundua hilo kabla yangu. Mwezi ule mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam na Kibaha pia, ulikuwa umepungua hata mgao wa maji ukatangazwa. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni nje ya shule. Aliyeuliza hakuuliza fumbo. Aliuliza habari za ndoo ya nyumbani kwao.

Baada ya kipindi nilizunguka uwanja. Nyuma ya ofisi ya walimu kulikuwa na kiwanja kidogo kilichozungushiwa waya, na ndani yake kipima mvua kilichojaa majani makavu ya mkorosho, chupa yake imekwisha potea. Karibu nacho palisimama kibanda cheupe cha vipimajoto, kile chenye kuta za vibao vilivyolazwa kama vya dirisha la luva ili hewa ipite na jua lisiingie. Manyigu walikuwa wamehamia. (Kibanda cha namna hii kilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, baba yake yule Robert Louis Stevenson ambaye wasomaji wa Kiswahili walimjua kwa kitabu cha Kisiwa chenye Hazina. Sikupata kuona mahali pengine ambapo fasihi na mvua vimekaa nyumba moja.) Mwalimu wa jiografia aliniambia kwa uchungu kwamba wanafunzi hukijua kipima mvua vizuri sana: hukichora katika mtihani.

Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta sababu ya mambo haya, na naiona katika historia. Katika nchi yetu jina la mvua na kipimo cha mvua vilikuja kwa njia mbili tofauti, vikalelewa katika nyumba mbili, na shule haikuvikutanisha.

Jina ndilo lililotangulia. Watu wa pwani walikuwa na mwaka wa mwezi kwa ajili ya ibada, na mwaka wa jua kwa ajili ya jembe na tanga. Mwaka wa jua ulianza Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, ambayo hata leo husherehekewa Makunduchi, Unguja, katika mwezi wa Julai. Tangu siku hiyo ilihesabiwa miongo, kila mwongo siku 10, mpaka ikatimu 36, kisha zikasalia siku 5 za kufunga mwaka. Nahodha aliyengoja kurudi Arabuni alihesabu miongo, na mkulima aliyengoja kupanda alihesabu ile ile. Kaskazi ilivuma toka Desemba hadi Machi ikaleta majahazi. Kusi ikashika zamu yake baada ya hapo ikayarudisha. Katikati yake kulikuwa na masika, kipupwe, mchoo, demani na vuli. Na pepo nyingine ndogo, kama matlai itokayo maawio ya jua na umande utokao nchi kavu, zilipewa majina kama watu wa ukoo mmoja. Lugha yenye majina mengi kiasi hiki ni lugha ya watu waliokuwa wakitazama juu kila siku.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi, kwa maana sifa isiyo na hesabu ni dharau ya namna nyingine. Mwaka ule wa jua ulikuwa wa siku 365 kamili, bila ile robo ya siku inayosalia. Kwa hiyo Nairuzi iliteleza siku moja kila miaka minne, na katika miaka 120 huwa imeteleza mwezi mzima nyuma ya majira. Tena kumbukumbu ya mzee huhifadhi mwaka wa balaa na kusahau miaka ya kawaida. Tufani iliyopiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 ilivunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu karibu yote ya kisiwa; Pemba ikasalimika, na ndiyo sababu moja ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu. Habari hiyo ilisimuliwa vizazi kwa vizazi. Miaka 80 kamili baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, tufani nyingine iliingia Lindi. Masimulizi yaliwafundisha watu kwamba jambo hili hutokea. Hayakuweza kuwafundisha ni mara ngapi hutokea, kwa sababu swali hilo linataka daftari.

Daftari lililetwa na wageni, wala hawakulileta kwa ajili ya shule. Wajerumani walianza kupima mvua katika nchi hii katika miaka ya 1890. Tangu hapo vipimo viliwekwa kwenye maboma, misheni, mashamba ya mkonge na vituo vya reli. Mwaka 1929, wakati wa Waingereza, iliundwa idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi. Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways zilianza safari kutoka London hadi Mwanza, na rubani alitaka kujua mawingu ya njiani. Hivyo kipimo kilikuwa mali ya ndege, mkonge na serikali. Mwafrika alikuwamo, kwa kuwa mara nyingi ndiye aliyekwenda kusoma chupa saa tatu asubuhi na kuandika tarakimu. Lakini tarakimu zilipanda meli au treni zikaenda ofisini, na yeye akarudi nyumbani kuzungumza habari za vuli na wenzake. Mambo hayo mawili hayakusalimiana.

Mfano mkubwa wa hasara iliyotokana na utengano huo ni mradi wa karanga. Mwaka 1946 wataalamu wa Uingereza walizunguka Tanganyika kwa muda wa majuma 9 tu, wakaamua kwamba mamilioni ya ekari yangeweza kulimwa kwa matrekta. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kumbukumbu za mvua za mahali pale zilikuwa chache mno kuweza kuutambua ukame, na udongo wake, ukikaushwa na jua, hugeuka mgumu kama sakafu. Majembe ya matrekta yakalika na karanga zikagoma kutoka ardhini. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Wagogo waliokaa pale walijua kwamba mvua yao ni ya kuvizia. Walilijua kwa majina na masimulizi, na mwenye mamlaka hakutambua maarifa yasiyoandikwa kwa inchi. Naye mwenye inchi hakuwa nazo za kutosha.

Baada ya uhuru, Kibaha ilipata bahati ambayo miji mingine haikuipata. Mwaka 1963 nchi za Kaskazini ya Ulaya, zikiwamo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo kikubwa cha elimu hapa, chenye shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 kilikabidhiwa serikali ya Tanzania, nacho ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Napenda wazo la waanzilishi wake, la kumweka mwanafunzi, mkulima na mganga katika uwanja mmoja. Mvua ndiyo habari pekee inayowahusu wote watatu kila asubuhi.

Kisha likaja jambo la lugha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huo huo Elimu ya Kujitegemea ikadai kila shule iwe na shamba. Kwa muda mfupi jina na kipimo vilikaribiana: mtoto alilima, alingoja masika, na alisoma habari za masika kwa neno lile lile la masika. Lakini sekondari ilibaki katika Kiingereza. Mtoto afikapo kidato cha kwanza huvua majina yake mlangoni kama viatu. Vuli ya bibi yake huwa msimu mwingine wenye jina la kigeni na tarehe za kukariri. Kaskazi huwa mshale juu ya ramani. Na sisi walimu wa Kiswahili hatuna haki ya kumnyoshea kidole mwenzetu wa jiografia. Kwa miaka mingi nimefundisha “kusi” na “demani” kama msamiati wa mashairi ya kale, maneno ya kufafanuliwa katika tanbihi, wala siku moja sikumtoa mwanafunzi nje ili aloweshe kidole na kukiinua juu auone upepo unatoka wapi.

Hasara ya leo si ya karanga. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda idara yake ya hali ya hewa mwaka 1978, ambayo leo ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mamlaka hii hutangaza mwelekeo wa kila msimu kwa Kiswahili, na jambo hilo ni la kushukuru. Lakini sikiliza tangazo lenyewe: mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani. Neno wastani katika masikio ya mtu wa Kwa Mathias ni kitu cha kadiri, si kingi si kidogo, kama chumvi ya mboga. Kumbe kwa mpimaji ni hesabu: jumla ya mvua za msimu huo kwa miaka 30, ikigawanywa kwa 30. Ikipungua chini ya asilimia 75 ya hesabu hiyo huitwa chini ya wastani. Ikizidi asilimia 125 huitwa juu ya wastani. Asiyepata kupima hata msimu mmoja hawezi kulihisi neno hilo. Kwake “juu ya wastani” ni mvua nzuri zaidi, ilhali kwa nyumba ya bondeni ni amri ya kuhama.

Mwezi wa Agosti 2023 tangazo lilitolewa kwamba vuli ingekuwa juu ya wastani kwa sababu ya El Niño, yaani joto la bahari ya Pasifiki linalogeuza mwendo wa pepo hata huku kwetu. Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, na ninakumbuka barabara zilizokatika. Lakini siikumbuki hata milimita moja, maana hakuna aliyetupa daftari. Safari hii mvua ilikuja kama ilivyosemwa. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang ililegea kwa maji ikaporomoka, tope na mawe vikashuka juu ya Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, katika mkoa huu huu wa Pwani, zilifunikwa na maji. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia.

Nilirudi shuleni pale wakati wa kipupwe cha 2024. Kibanda cha Stevenson bado kilikuwa cha manyigu. Lakini wanafunzi na mwalimu wao walikuwa wamekata shingo ya chupa ya maji, wakaipindua ndani ya chupa yenyewe kama faneli, wakabandika rula ubavuni na kuifunga kwenye mti uliochimbiwa mbali na mikorosho. Daftari lilikuwa na safu tatu: tarehe, milimita, na jina la upepo. Safu ya tatu iliniondolea huzuni ya Oktoba ile. Siku moja mtu ameandika “matlai”, kisha akalikata na kuandika pembeni: “Bibi anasema si matlai, ni kusi limegeuka.” Mwalimu alisema alifikiri kulifuta kwa kuwa si la silabasi. Nikamsihi aliache.

Nilifungua kurasa za Desemba 2023, nikitamani kuona vuli ile kubwa ilipimwaje Kibaha. Zilikuwa tupu. Shule ilikuwa imefungwa kwa likizo, na chupa ilikuwa imejaa ikafurika bila msomaji. Mwalimu aliona nilivyonyamaza akacheka kidogo. Yule msichana wa mawingu, aliyekuwa sasa kidato cha nne, anakaa nyuma ya maduka ya Kwa Mathias, mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Likizo iliyofuata ufunguo wa lango ulikuwa kwake, na saa tatu asubuhi alikuwa akienda.