Land Rover ya Zamani Iuzwe Ilivyo

Chini ya mkorosho, huku Msambweni, Land Rover fupi aina ya Series IIA inangoja mnunuzi. Toleo hilo liliundwa kati ya 1961 na 1971. Rangi yake ya kijani imechujuka, viti vimepasuka, ila hakuna kilichobadilishwa. Dalali kutoka Ukunda ashaizunguka mara mbili.

"Mzee, tuipige rangi, tuitie injini ya dizeli. Itatoka upesi."

"Hapana, mwanangu. Iache vivyo hivyo."

Mimi niko upande wa mzee mwenye gari.

Land Rover ilizaliwa ufuoni. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, akifanya kazi kwa Jeep kuukuu ya jeshi. Inasimuliwa kwamba umbo la kwanza alilichora kwenye mchanga wa pwani. Gari lenyewe lilizinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ndipo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Dhiki yao ikawa neema yetu: upepo wa chumvi unaotafuna magari ya Diani hauliwezi bati hilo kwa urahisi. Chesi ndiyo ya chuma. Kwa hiyo mnunuzi anayejua hulala chali mchangani, akaigonga kwa nyundo ndogo huku akitega sikio. Ikilia kwa ukali, ni nzima. Sauti ikififia, kutu imeshaila kwa ndani.

Enzi za mkoloni na baada ya uhuru, mkuu wa wilaya (DC) na polisi walitembelea gari hili, na miaka ya 1970 likawa likiunganishwa Thika. Baadaye Toyota Land Cruiser ikashika nafasi yake. Land Rover nyingi zilikatwakatwa, zikatiwa injini za kigeni. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu magari ya mitumba yaliyozidi miaka 8 kuingizwa, iliyobaki nzima, yenye namba za chesi na injini zinazolingana na kitabu chake cha usajili, haipatikani kirahisi. Ukiibadilisha injini na kuipaka rangi, umefuta ushahidi wa uasilia wake kwa mkono wako.

Mzee anafungua mlango, ananionyesha vijiti viwili sakafuni. Cha njano hukandamizwa chini, magurudumu ya mbele yakashika; chekundu huvutwa nyuma kupata gia nzito, masika yanapogeuza njia za Shimba Hills kuwa utelezi. Rangi ya njano imelika upande mmoja tu, pale kiganja chake kilipokuwa kikikaa.