Kilomita 21 kwa lita? Historia ya namba ya mafuta iliyo kwenye karatasi ya gari

Swali la kwanza ambalo Mkenya huuliza kuhusu gari si nguvu za injini wala rangi. Ni hili: linakunywa mafuta kiasi gani? Majibu huwa mawili. Kuna namba ya kwenye karatasi, na kuna namba ya kwenye pampu. Leo tuifuate ile ya karatasi hadi ilikozaliwa, maana kwa sisi tunaoandika programu hadithi yake inafahamika sana.

Tuchukue gari moja ambalo huku kwetu si geni: Mazda CX-5 ya dizeli, injini ya lita 2.2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Kule Ulaya, ile ya gia za mkono inayovutwa na magurudumu ya mbele ilitangazwa kuwa inatumia lita 4.6 kwa kilomita 100. Kwa hesabu yetu ya Kenya hiyo ni kama kilomita 21.7 kwa lita. Japani, SUV hiyo hiyo yenye gia za otomatiki ilitangazwa kuwa kilomita 18.6 kwa lita. Sasa muulize mwenye nalo kama amewahi kuona 21 katika msongamano wa Mombasa Road saa kumi na mbili jioni. Atacheka.

Je, kampuni ilidanganya? La. Ilifanya jaribio lililoandikwa katika sheria, ikapata namba, ikaitangaza. Shida iko ndani ya jaribio lenyewe.

Mwaka 1970 Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa sheria ya kupunguza sumu katika moshi wa magari. Ili magari yote yapimwe sawa, ilibidi yote yaendeshwe sawa. Basi wahandisi wakachora grafu: sekunde upande mmoja, mwendo upande wa pili. Gari linapandishwa juu ya rola za chuma ndani ya maabara, magurudumu yanazunguka, gari haliendi popote, na dereva anafuata ule mstari. Zingatia kwamba lengo lilikuwa moshi. Matumizi ya mafuta yaliingizwa mwaka 1980 kwa kutumia grafu ile ile ya mjini pamoja na vipimo vya mwendo usiobadilika wa kilomita 90 na 120 kwa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikaongezwa kipande cha nje ya mji, na jaribio lote likaja kujulikana kama NEDC.

Ukiiangalia NEDC utashangaa. Inachukua sekunde 1,180, hata dakika 20 hazifiki. Umbali ni kilomita 11 hivi. Wastani wa mwendo ni kama kilomita 34 kwa saa, na mwendo wa 120 unaguswa kwa sekunde chache tu mwishoni. Karibu robo ya muda gari limesimama. Na kuongeza mwendo kutoka 0 hadi 50? Sekunde 26! Jaribu kuondoka kwa mwendo huo kwenye taa za Haile Selassie uone matatu watakavyokupigia honi. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna upepo, hakuna mizigo ya shangazi kwenye buti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mafuta yenyewe hayapimwi kwenye tanki. Moshi wote unakusanywa, kaboni iliyomo inahesabiwa, kisha wanarudi nyuma kukokotoa mafuta yaliyoungua. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.6 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana ile CX-5 ya lita 4.6 ilikuwa na gramu 119 kwa kilomita. Zidisha mwenyewe utaona. Gramu na lita ni namba moja yenye majina mawili.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa miaka mingi namba hii ilikuwa ya kumpa mnunuzi fununu tu. Kisha serikali zikaanza kuitoza kodi. Uingereza ilianza kupanga kodi ya barabara kwa gramu hizo mwaka 2001. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria kwamba wastani wa magari mapya ushuke hadi gramu 130 kufikia 2015, na watakaozidisha walipe faini. Ghafla kila gramu ikawa na bei.

Mwandishi yeyote wa programu anajua kinachofuata. Ukimwambia mtu mapema maswali yote ya mtihani, halafu ukamlipa kwa alama, atasoma maswali hayo tu. Wahandisi wa magari hawakuvunja sheria, waliisoma vizuri. Jaribio liliruhusu joto la kati ya nyuzi 20 na 30, basi kwa nini usipime karibu na 30? Betri iliruhusiwa kuanza ikiwa imejaa, hivyo jenereta haikuwa na kazi ya kuichaji. Kampuni iliruhusiwa pia kutangaza namba iliyo chini ya kipimo chake kwa hadi asilimia 4. Na kwa kuwa gari lilisimama robo ya muda, mfumo wa kuzima injini kwenye taa ulileta faida kubwa maabara kuliko kwa mtu anayeishi kijijini.

Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, lilikusanya rekodi za madereva na za makampuni, zikiwemo za Spritmonitor.de, wavuti ya Kijerumani ambako watu huandika kila wanapojaza tanki. Mwaka 2001 matumizi ya kweli yalizidi yale rasmi kwa karibu asilimia 9. Mwaka 2015 tofauti ilifika asilimia 42. Weka asilimia hiyo juu ya lita 4.6 kama mfano, unapata lita 6.5, yaani kilomita 15 kwa lita. Kwa anayeendesha kilomita 20,000 kwa mwaka hizo ni lita 386 ambazo hakuziona kwenye karatasi. Na kila tarehe 14 bei mpya za mafuta zikitangazwa, wewe ndiye unayelipa.

Marekani waliligundua tatizo mapema zaidi. Baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973 walipitisha sheria ya matumizi ya mafuta mwaka 1975, wananchi wakalalamika kwamba namba hazifikiki, na kuanzia magari ya 1985 shirika la mazingira, EPA, likawa linapunguza matokeo ya maabara: asilimia 10 ya mjini, asilimia 22 ya barabara kuu. Dawa rahisi, lakini ilisaidia. Kwa magari ya 2008 wakaongeza majaribio ya baridi, ya kiyoyozi na ya mwendo wa kasi.

Japani inatuhusu zaidi, kwa kuwa ndiko magari yetu mengi yaliyotumika yanakotoka. Jaribio lao la miaka ya 1991 na kuendelea, lililoitwa 10-15, lilikuwa la kilomita 4.16 tu, mwendo wa juu kabisa 70. Lilifuatwa na JC08, refu kidogo lakini bado la upole. Kwa hiyo ukiona tangazo la muuzaji linasema kilomita kadhaa kwa lita, uliza kwanza ni za jaribio gani.

Turudi kwa dizeli. Kusoma mtihani mapema ni jambo moja, kuutambua mtihani ukiwa ndani yake ni jingine. Mwaka 1998 watengenezaji 7 wa injini za malori walilipa faini ya dola milioni 83.4 Marekani, kwa sababu kompyuta za injini zao ziliacha kudhibiti oksidi za naitrojeni lori likitulia kwenye barabara kuu, ili kuokoa mafuta. Watu wakasahau.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa kazi waliyopewa na ICCT, walifunga vifaa vya kupima moshi ndani ya magari matatu ya dizeli wakayapeleka barabarani. SUV ya BMW X5 kwa jumla ilifaulu. Jetta ya Volkswagen ilizidi kikomo mara 15 hadi 35, Passat mara 5 hadi 20. Septemba 2015 EPA ikatangaza hadharani: kulikuwa na programu ya kutambua jaribio. Magari kama milioni 11 duniani. Novemba mwaka huo zikafuata SUV kubwa za injini ya lita 3.0, zikiwemo Touareg na Porsche Cayenne.

Mdukuzi Mjerumani Felix Domke alinunua kompyuta ya injini kama ya gari lake, akausoma msimbo wake, na Desemba 2015 akaeleza alichokiona kwenye mkutano wa wadukuzi Hamburg. Hakukuwa na akili ya ajabu. Kompyuta ililinganisha muda tangu injini iwashwe na umbali uliokwishakwendwa. Ukibaki ndani ya mistari iliyochorwa, ambayo NEDC inapita katikati yake, unahesabiwa uko maabara. Ukitoka nje, uko barabarani, na usafishaji wa moshi unapunguzwa. Masharti machache ya "kama" tu! Na kazi hiyo ilifichwa chini ya jina linalohusu sauti ya injini.

Ulaya ilibadilisha jaribio. Kuanzia Septemba 2017 kwa aina mpya za magari, na Septemba 2018 kwa magari mapya yote, ikaja WLTP: dakika 30, kilomita 23, mwendo hadi 131. Magari mapya ya huko sasa yanajirekodi mafuta yenyewe, na ripoti ya Tume ya Ulaya ya 2024 ilionyesha kwamba ya petroli na dizeli bado yanazidi namba rasmi kwa karibu asilimia 20. Haya mseto ya kuchomeka umeme yalizidi mara tatu na nusu.

WLTP nayo haina mlima. Sisi tunao. Kupandisha SUV ya tani 2 kutoka Mombasa hadi Nairobi, mita kama 1,650 juu, kunahitaji megajuli 32. Kwa injini inayotumia vizuri thuluthi ya nguvu ya dizeli hiyo ni karibu lita 2.7 juu ya zile za safari ya kawaida. Kwa hiyo ukipima, jaza hadi pampu ijikate yenyewe, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, tumia tanki lote, ujaze tena kwenye pampu ile ile. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya mara tano angalau, na kama ni safari ya Pwani, usihesabu kabla hujarudi.