Dago la Jangwani: Haji Ali na Mji wa Quartzsite

Tarehe 14 Mei 2026 inatimiza miaka 170 tangu ngamia 34, walioletwa kutoka Mediterania na Supply, meli ya jeshi la majini la Marekani, walipoteremshwa katika bandari ya Indianola, pwani ya Texas. Tukio hilo, ambalo historia nyingi za nchi hiyo hulipitia kwa mstari mmoja kana kwamba ni kichekesho, lina kumbukumbu yake mashuhuri zaidi mbali sana na bahari, katika mji mdogo wa Quartzsite, magharibi mwa jimbo la Arizona, mji ambao leo unajulikana kwa jambo jingine kabisa, nalo ni wingi wa magari-nyumba yanayopiga kambi huko kila msimu wa baridi. Gari-nyumba ni gari kubwa, au tela linalokokotwa na gari jingine, ambalo ndani yake mna kitanda, jiko, choo na tangi la maji, hivyo kwamba mwenye nalo huweza kukaa miezi mingi bila kupanga chumba popote. Wengi wa wasafiri hao ni wastaafu kutoka majimbo ya kaskazini na kutoka Kanada, nao huitwa "ndege wa theluji", kwa sababu huhamia kusini baridi inapoanza na kurejea kwao inapokwisha.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatauona utaratibu huo kuwa mgeni sana, kwa kuwa wavuvi wa Unguja, Pemba na Mrima wamekwenda dago kwa vizazi vingi, yaani wamehama na vyombo vyao kufuata majira ya upepo, wakajenga vibanda vya muda ufukweni na kuvivunja bahari ilipobadilika. Tofauti ni kwamba dago la Quartzsite halifuati samaki bali linafuata jua. Katika mwezi Januari, wakati maziwa ya Minnesota yameganda kiasi cha kupitisha gari juu yake, mchana wa Quartzsite huwa na joto la nyuzi 18 au 20 hivi, ingawa usiku huweza kuwa wa baridi kali, ilhali katika Julai joto hilo hilo hupanda kupita nyuzi 40 na kuufanya mji usikalike na yeyote asiyelazimika. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 2,400 tu, na kwa hiyo msimu unapokolea wageni huwazidi wenyeji mara nyingi.

Desturi ya kuikimbia baridi kwa gari ni ya zamani kuliko mji huu kuwa kambi. Mwaka 1919, katika bustani ya De Soto jijini Tampa, Florida, wasafiri waliolala katika mahema na magari waliyoyageuza wenyewe waliunda chama kilichojiita Watalii wa Makopo, kutokana na vyakula vya makopo walivyokula njiani, na alama yao ilikuwa kopo lililobandikwa mbele ya gari. Baadaye zikaja barabara za lami, matela ya kiwandani, pensheni za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hatimaye paneli za sola, ambazo zimemwezesha msafiri kukaa jangwani bila waya wa umeme wala kelele za jenereta. Hatua hizo zinafahamika na zimeandikwa vya kutosha. Kilichoandikwa kidogo ni kwamba serikali ya Marekani ilikwisha kujaribu, miaka zaidi ya sitini kabla ya makopo ya Tampa, kutafuta chombo cha kuvuka jangwa hilo hilo, na chombo ilichokichagua kilikuwa na miguu minne.

Wazo la ngamia lilipata nguvu kutoka kwa Jefferson Davis, ambaye alikuwa Waziri wa Vita, na mwezi Machi 1855 Bunge lilitenga dola 30,000 kwa ajili ya kuwanunua na kuwajaribu kijeshi. Meja Henry Wayne na Luteni David Dixon Porter walitumwa katika bandari za Mediterania, wakapita Tunis, Konstantinopoli, Iskandaria na Izmir, wakajifunza kwanza namna ya kutambua mnyama mzima na mgonjwa, kisha wakanunua. Safari ya kurudi ilipita katika dhoruba ndefu, lakini kwa kuwa baadhi ya majike walizaa melini, kundi lililoshuka Indianola lilizidi kwa mmoja lile lililopakiwa. Pamoja na ngamia walikuja watu wa kuwaongoza, kwani askari wa Texas hawakujua hata jinsi ya kumpigisha mnyama huyo magoti ili apakiwe mzigo.

Miongoni mwa waongozaji hao alikuwamo kijana aliyezaliwa yapata mwaka 1828 katika nchi ya Shamu, ambayo ni Syria ya leo na maeneo yanayoizunguka, iliyokuwa wakati huo chini ya dola ya Wathumani. Askari walimwita Hi Jolly, na jina hilo, ambalo kwa Kiingereza husikika kama salamu ya mtu mchangamfu, ndilo lililochongwa kwenye kaburi lake, kwenye mabango ya barabarani na kwenye fulana zinazouzwa Quartzsite hadi leo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili kutambua kwamba nyuma ya Hi Jolly kuna Haji Ali. Inaelezwa kuwa alizaliwa katika familia yenye asili ya Kigiriki na Kishamu, akaupata uhaji kabla ya kuvuka bahari, na alipopewa uraia wa Marekani mwaka 1880 alijiandikisha kwa jina la Philip Tedro. Mtu mmoja mwenye majina matatu, na mji ukachagua lile lililotokana na ulimi uliokwama.

Majaribio ya mwanzo yalifanikiwa kuliko walivyotarajia waliolipa. Kutoka kambi ya Camp Verde, Texas, Wayne alituma San Antonio mikokoteni mitatu iliyovutwa na nyumbu, yaani chotara wa punda na farasi, si yule mnyama wa Serengeti, na pamoja nayo akatuma ngamia sita. Kila mkokoteni ulirudi na ratili 1,800 za shayiri baada ya siku karibu tano, ilhali ngamia hao sita walirudi na ratili 3,648, karibu kilo 1,650, katika siku mbili. Mwaka 1857 ngamia 25 walikabidhiwa Edward Fitzgerald Beale, afisa wa zamani wa jeshi la majini aliyepewa kazi ya kupima njia ya mikokoteni kutoka Fort Defiance, katika eneo la New Mexico, hadi Mto Colorado, na Haji Ali akiwa miongoni mwa waongozaji. Beale alianza safari akiwa na mashaka na akaimaliza akiwa wakili wa ngamia, kwani aliwaona wakila vichaka vichungu ambavyo nyumbu walivikwepa na wakikaa muda mrefu bila maji, na walipofika Mto Colorado walivuka kwa kuogelea wote salama, huku baadhi ya farasi na nyumbu wa msafara wakizama. Njia aliyoipima ilifuatwa baadaye, kwa sehemu kubwa, na reli na kisha na Barabara ya 66, ambayo ilipitisha kizazi cha kwanza cha matela kuelekea magharibi. Ni haki kusema kwamba wastaafu wengi wa Marekani wamesafiri juu ya nyayo za ngamia bila kujua.

Kwa nini basi mradi ulikufa? Jibu linalorudiwa sana ni kwamba ngamia hawakuifaa Marekani, lakini kumbukumbu za mradi wenyewe zinaonyesha zaidi kwamba Marekani ndiyo haikuwafaa ngamia. Farasi na nyumbu walitishwa na harufu yao na kukata kamba usiku. Waendesha nyumbu, ambao ujuzi wao ulikuwa mkate wao, hawakuwa na sababu ya kuusifu ushindani. Askari waliwalaumu ngamia kwa kutema na kuuma, makosa ambayo mchunga ngamia wa Somalia au wa Marsabit angeyataja kuwa ni dalili ya mchungaji mbaya. Kisha vikaja Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mwaka 1861, na mlezi wa mradi, Davis, akawa rais wa majimbo yaliyoasi, kiasi kwamba hakuna mwanasiasa wa Washington aliyetaka kukumbushwa wazo lake. Mwaka 1864 ngamia waliokuwa California walipigwa mnada Benicia. Haji Ali alijaribu kuendesha biashara yake ya kusafirisha mizigo kwa ngamia kati ya Mto Colorado na migodi, ikamshinda, akawaachia wanyama wake jangwani, na baada ya hapo akalitumikia jeshi kama mpakiaji mizigo na mpelelezi wa njia, akachimba madini, na hatimaye akafia Quartzsite tarehe 16 Desemba 1902.

Mji aliofia ulikuwa umeanza kama Visima vya Tyson, kituo cha maji na cha magari ya farasi yaliyopanda kutoka Mto Colorado kuelekea migodi ya Prescott, na pengine ungesahaulika kama vituo vingine vingi kama Idara ya Barabara ya Arizona, katika mwaka 1935, isingejenga juu ya kaburi hilo piramidi ya mawe ya eneo hilo yenye ngamia wa shaba kileleni. Kwenye piramidi hiyo liko bamba lenye maelezo mafupi ya maisha yake, na bamba hilo linasema kwamba aliingia nchini tarehe 10 Februari 1856. Hilo haliwezekani ikiwa alikuja na shehena ya kwanza, kwani siku hiyo meli ilikuwa bado upande wa pili wa Atlantiki, na ngamia wa kwanza walitua Mei. Shehena ya pili ya ngamia 41 ilifika Indianola Februari 1857, na huenda mwandishi wa bamba alichanganya safari mbili, akachukua mwezi wa moja na mwaka wa nyingine. Kaburi hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2011, yaani lilitambuliwa rasmi kuwa hazina, lakini tarehe wala jina havikurekebishwa, na hata ubao mdogo wa maelezo kando yake ungetosha.

Mji wa magari-nyumba ulikuja baadaye sana, na ulivutwa na mawe. Mwaka 1967 chama cha maendeleo cha Quartzsite kilianzisha maonyesho ya vito na madini, na wakusanyaji wa mawe waliokuja kwa siku chache wakagundua kwamba ardhi inayouzunguka mji ni ya serikali kuu na kwamba mtu angeweza kukaa juu yake karibu bure. Idadi ilipokua, majitaka na taka zilianza kulielemea jangwa, na mwaka 1983 Idara ya Usimamizi wa Ardhi, ambayo ndiyo yenye dhamana ya ardhi hiyo, ikatenga maeneo ya wageni wa muda mrefu. Eneo la La Posa, kusini mwa mji, lina ekari zipatazo 11,400, na mwenye kibali huruhusiwa kukaa humo kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, akipata maji, mahali pa kutupa taka na pa kumwaga majitaka, bila umeme. Nje ya maeneo hayo kikomo ni siku 14 katika kila siku 28. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima kilikuwa dola 180, chini ya dola moja kwa siku, na ndiyo maana kila mazungumzo ya kupandisha ada hiyo huamsha manung'uniko yanayosikika hadi Kanada.

Wanaokaa humo si wa kuota jua tu. Kilomita 30 hivi kusini, kando ya Barabara ya 95, inaanza njia ya vumbi inayoelekea Korongo la Mitende katika milima ya Kofa, na mwisho wake mtembea kwa miguu hupanda chini ya kilomita moja ya mawe hadi anapoiona, ndani ya ufa mwembamba wa mlima, mitende ya asili ya aina ya Washingtonia, ambayo ni nadra kabisa kuota yenyewe katika Arizona. Jina Kofa ni kifupi cha mgodi wa dhahabu ulioitwa Mfalme wa Arizona, na hifadhi iliyoko hapo iliundwa mwaka 1939 ili kuwanusuru kondoo-mwitu wa jangwani, baada ya kampeni ya vijana wa skauti iliyochochewa na Frederick Russell Burnham. Burnham huyo si mgeni katika historia ya Afrika, kwa kuwa aliwapelelezea Waingereza katika vita vya Matabele na vita vya Makaburu, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akaongoza msafara wa kutafuta madini katika eneo ambalo leo ni Kenya. Wahifadhi wa Arizona humkumbuka kwa kondoo. Wandebele wana sababu ya kumkumbuka kwa mengine.

Kuhusu miongo ya karibuni hakuna mengi ya kuongeza, isipokuwa kwamba baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 wastaafu wenye magari ya kifahari walipata majirani wanaolala katika mabasi madogo kwa sababu hawana tena nyumba, na kwamba filamu ya Nomadland, iliyopigwa kwa sehemu Quartzsite na kushinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, iliwaonyesha hao kwa ulimwengu. Piramidi ya Haji Ali imebaki katika makaburi ya mji, ambako wageni huipiga picha wakielekea kununua betri na mabomba. Kumbukumbu ya miaka 170 itawapata wachache, kwani ifikapo 14 Mei vibali vya La Posa vimekwisha muda kwa mwezi mzima, magari yamekwisha kurudi kaskazini, na joto limeanza kupanda. Tarehe 10 Februari, ile yenye makosa, huangukia katikati ya msimu, kambi zikiwa bado zimejaa, na pengine hiyo ni sababu mojawapo kwa nini hakuna mwenye duka anayeona haraka ya kulisahihisha bamba.