Pikipiki za Kiingereza katika Njia ya Ufiome

Wasikilizaji wetu, mtu akaaye Maisaka siku hizi huona pikipiki nyingi barabarani hata hageuzi shingo kuzitazama. Na nyingi katika hizo zimetoka Uhindi au Uchina. Sisi twataka kuwasimulieni habari za pikipiki za kale, zile zilizofanywa Uingereza zamani za vita ya 1914 hata 1918. Sasa ni adimu hata huko kwao, na wenye kuzipenda huzisugua kwa kitambaa kama watu wasuguavyo vyombo vya fedha.

Mwaka wa 1916 Jemadari Smuts aliingia nchi hii, iliyokuwa mikononi mwa Wadachi. Katika majeshi yake kilikuwamo kikosi cha askari wa pikipiki kutoka Afrika ya Kusini. Mwezi wa Aprili Jemadari van Deventer alitoka Arusha na askari wapanda farasi, akautwaa mlima wa Lolkisale, akapita Ufiome, karibu na Babati yetu, na tarehe 19 akaingia Kondoa-Irangi. Mwendo ule ulikuwa wa haraka kweli kweli. Lakini nyuma yake masika yalishika.

Mtu wa kwetu hana haja ya kuambiwa udongo huu huwaje katika masika. Basi fikirini pikipiki za siku zile. Ile Triumph Model H, iliyoanza kufanywa mwaka wa 1915 na kusifiwa sana na matarishi wa jeshi huko Ulaya, haikuzungusha gurudumu la nyuma kwa mnyororo, bali kwa ukanda. Ukanda ukilowa huteleza: injini yanguruma, gurudumu limesimama. Tena matope hujaa kati ya gurudumu na bamba lililo juu yake, hata mpandaji hana budi kushuka, achukue kijiti, akwangue. Barabara njema za Uingereza ndizo zilizozizaa mashine hizi, wala si njia ya Ufiome.

Motokaa za mizigo nazo zilizama. Farasi walikufa kwa mamia, wengine kwa ndorobo, wengine kwa maradhi ya farasi. Ikawa chakula cha askari walioko Kondoa chategemea vichwa na mabega ya wapagazi, waliokwenda kwa miguu katika mvua ile ile iliyoshinda injini. Walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi na kwa njaa, kuliko kwa risasi. Hesabu ya serikali ya Waingereza ilitaja wapagazi waliokufa katika vita ile zaidi ya 40,000. Wataalamu wa leo husema walizidi sana hapo.

Nasi twaona jambo hili kuwa zito. Nambari ya pikipiki ya mwaka wa 1916 yasomeka hata leo katika chuma chake, na mwenye kuikusanya aweza kuulizia ilifanywa lini. Wapagazi walio wengi hawakupewa hata kaburi lenye jina.

Jina lililobaki ni la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo vinywa vya watu vililigeuza kuwa Kariakoo, pale Dar es Salaam palipokuwa na kambi yao. Leo ni soko kubwa, na fundi wa Babati akikosa kipuri cha pikipiki, huagiza huko.