Katwila, Ihefu na Nasaba ya Mpira wa Singida

Mtu atakaye kuandika tarikhi ya mpira wa miguu katika Mkoa wa Singida hana budi aanze kwa kukubali jambo ambalo wenyeji hawalifichi, nalo ni kwamba klabu zilizouletea mkoa huo sifa katika miaka ya karibuni, isipokuwa moja, zililelewa mahali pengine, ndipo zikahamia baina ya majabali na mashamba ya alizeti zikapewa jina jipya. Kwa hiyo nasaba ya mpira wa huko haifuatwi kwa majina ya timu, ambayo hayadumu, bali kwa walimu waliozifundisha.

Klabu ile moja ni Singida United, iliyopewa lakabu ya Walima Alizeti. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 mikononi mwa Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga, ambaye majaaliwa yake katika kazi hii yamekuwa ya shani: yeye hupandisha, wengine hutawala. Mwaka uliofuata aliipandisha KMC, na mwaka 2021 Geita Gold, hata watu wakamhesabu kuwa fundi wa ngazi hiyo moja tu, jambo ambalo kwa rai yangu ni dhuluma iliyovikwa joho la sifa. Singida walipokwisha kupanda, timu wakamkabidhi Mholanzi Hans van der Pluijm, kipa wa zamani aliyekwisha kuipa Yanga ubingwa wa mwaka 2015 na 2016, naye, ni lazima tuseme kwa insafu, hakuwaangusha. Novemba 2017 Yanga walipofika uwanja wa Namfua, waliondoka na sare tasa. Na kabla ya msimu kwisha Singida United ilikuwa imefika fainali ya Kombe la Shirikisho.

Fainali hiyo ilichezwa tarehe 2 Juni 2018 katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na Mtibwa Sugar wakashinda mabao 3 kwa 2. Aliyewanyima Singida kombe ni Zuberi Katwila, kiungo wa zamani wa Mtibwa hiyo hiyo aliyekuwa sasa mwalimu wake. Kiungo hodari hugeuza shingo kulia, kisha kushoto, kabla mpira haujamfikia, ili ujapo mguuni awe amekwisha kujua nani yu huru na nani anamnyemelea mgongoni. Na mtu aliyeishi miaka kwa tabia hiyo, akiketi kwenye benchi la ufundi, aghalabu hukuta kwamba nusu ya kazi ya ualimu alikwisha kuifanya akiwa na jezi. Waingereza nao wakati ule ule walikuwa wakiijaribu hoja hii, kwani katika majira hayo hayo viungo wao wawili mashuhuri, Frank Lampard na Steven Gerrard, walishika timu kubwa kwa mara ya kwanza, mmoja Derby County na mwingine Rangers ya Uskoti. Walakini hao walitanguliwa na majina yao mlangoni, ilhali Katwila alikulia Turiani, katika klabu ya kiwanda cha sukari iliyokwisha kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000, mbali na kelele za Kariakoo.

Singida United haikudumu. Ilishuka daraja mwaka 2020. Mwaka 2022 klabu ya DTB iliyopanda Ligi Kuu ikageuzwa Singida Big Stars, Pluijm akarudi nayo na kushika nafasi ya nne, mwaka uliofuata ikaitwa Singida Fountain Gate, kisha ikahamia Manyara. Nayapita haya upesi, maana hayana mizizi. Uwanja wenyewe wa Namfua ulikwisha kubadili jina, ukaitwa Liti, jina ambalo Wanyaturu wamelihifadhi kwa taadhima, kuwa ni la mwanamke aliyewapinga Wajerumani kwa msaada wa nyuki, kama simulizi zinavyohadithia.

Wakati huo Katwila alikuwa Mbarali, mkoani Mbeya, akiifundisha Ihefu. Alikwenda huko mwaka 2020, timu ikashuka mwaka 2021, naye, badala ya kutoroka kama ilivyo desturi ya walimu wengi timu ikishuka, akairudisha Ligi Kuu mwaka 2022. Tarehe 4 Oktoba 2023, mbele ya watu wa mashamba ya mpunga, Ihefu ya Katwila iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1. Haukupita muda mrefu akaondoka. Mwaka 2024 klabu nzima ikahamia Singida, na ndiyo hii inayoitwa leo Singida Black Stars.

Septemba 2025 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Kagame kwa kuishinda Al Hilal ya Sudan mabao 2 kwa 1, yote mawili yakifungwa na kiungo Clatous Chama. Mwalimu wake alikuwa Miguel Gamondi wa Argentina, na wachache kati ya waliomsifu siku ile walikumbuka kwamba ndiye aliyekuwa akiifundisha Yanga siku ile ya Mbarali, akafungwa na Katwila kwa timu hii hii.