Matete Hatuna Ziwa, Lakini Tuko Kanda ya Ziwa

Kuna swali moja linarudi kila nikipost historia ya huku kwetu: "Matete iko na ziwa gani ndiyo tuwe Kanda ya Ziwa?" Jibu ni hakuna. Sisi tuko na Nzoia, miwa, mahindi na barabara ya kwenda Webuye. Lakini Kakamega ni moja ya kaunti 14 za ile Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa, pamoja na Bungoma, Busia, Vihiga, Kisumu, mpaka Bomet na Kericho, ambako pia hakuna ziwa.

Wengine wanasema hiyo ni njia ya wakubwa kukula allowance Kisumu. Wengine wanasema bila umoja tumeisha. Mimi nasema hivi: tuangalie nyuma kwanza, halafu tupige hesabu.

Mwaka wa 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, na wazungu wakamiminika kuchimba. Wakati huo tulikuwa na Baraza la Wenyeji la Kavirondo Kaskazini. Mwenyekiti wake alikuwa DC, kwa hivyo hata hilo baraza "letu" lilikuwa letu nusu. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa, watapewa nyingine badala yake, na baraza litaulizwa. Dhahabu ilipoonekana tu, ahadi ikabadilishwa. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa ili fidia iwe pesa, na ruhusa ya baraza isihitajike tena. Sheria ilikuwa na miaka miwili tu! Kila baraza lilikuwa kivyake, chini ya DC wake.

Somo la kwanza: baraza dogo likiwa peke yake, linapitwa kama bodaboda imezimika kwa highway.

Lakini msikimbie kusema "basi tujiunge na kila kitu". Baada ya uhuru, mabaraza ya kaunti yalikuwa na kazi kubwa: shule za msingi, afya, barabara. Pesa zikawaishia. Mwaka wa 1969 bunge likapitisha sheria ya kuhamisha hizo kazi zote tatu kwenda Nairobi, na 1970 zikaenda. Ni manispaa chache tu zilizobaki nazo. Msaada ulikuja, ndiyo, lakini ulikuja na gunia la kubebea vitu vyako. Mabaraza yakabaki kukimbizana na mama mboga sokoni juu ya ushuru. Tulingoja zaidi ya miaka 40, mpaka ugatuzi wa 2013, ndiyo zahanati na barabara za mashinani zirudi karibu na sisi.

Somo la pili: anayekulipia deni anaweza kuchukua kazi yako, na usimwone tena.

Sasa tuko na katiba ya 2010. Kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti zishirikiane na kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Na Sheria ya Uhusiano wa Serikali ya 2012 ndiyo iliunda Baraza la Magavana. Faida tumeiona. Mnakumbuka 2020, Seneti imekwama kwa mfumo wa kugawa mapato? Mwenyekiti wa magavana alikuwa Oparanya, gavana wetu wakati huo. Magavana walitangaza kwamba kaunti zitafunga kazi, na Septemba 17 Seneti ikapitisha mfumo, na ahadi ya kuongeza mgao wa kaunti kutoka bilioni 316.5 hadi 370. Siwezi kusema ni magavana pekee waliofanya hivyo. Lakini Kakamega ikitisha kufunga kazi peke yake, nani angeshtuka?

Na kuna faida ndogo ambazo hazifiki kwa habari. Mtu wa Matete akizidiwa usiku, Webuye iko karibu kuliko Kakamega mjini. Unavuka daraja, uko Bungoma. Ugonjwa hauulizi kitambulisho cha kaunti, na mto hauulizi pia. Hayo ni mambo ambayo kaunti moja haiwezi kumaliza.

Twende kwa gharama. Ya kwanza ni pesa. Sheria ya 2012 inasema matumizi ya Baraza la Magavana yatoke kwa bajeti ya serikali kuu. Bado kaunti zimekuwa zikilipa michango, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amehoji hilo zaidi ya mara moja. Mimi niliacha chuo juu ya karo, kwa hivyo shilingi ya kaunti naihesabu kwa basari. Na ile benki ya kanda iliyoongelewa miaka na miaka? Sijaona hata tawi.

Gharama ya pili ni sauti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 66,172 Matete, kati ya 1,867,579 wa Kakamega. Ni chini ya 4 kwa kila 100. Sasa weka hiyo Kakamega kati ya kaunti 14. Sauti ya Matete inafika Kisumu ikiwa imebaki kikohozi.

Ya tatu ni mlango wa kutoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika 1977, na Kenya, Uganda na Tanzania zilimaliza kugawana mali na madeni 1984. Miaka saba! Kwa sababu ni rahisi kuandika furaha ya kuingia, lakini hakuna anayetaka kuandika siku ya kuachana.

Msimamo wangu: tubaki, lakini kama watu wazima walio kwa chama. Hata chama cha akina mama wa hapa sokoni kiko na daftari, kila mtu anajua amechanga ngapi, zamu yake ni lini, na akitoka anarudishiwa nini. Kaunti yenye mabilioni haiwezi kushindwa na hilo.

Kwa hivyo MCA wako akija matanga wikendi hii, baada ya pole muulize mambo matatu. Mwaka jana tulilipa ngapi kwa hivi vyombo vyote? Nyinyi wa bunge la kaunti mlipigia kura? Tukitaka kutoka, tunatokaje?

Akijua majibu, tuko sawa. Akianza kukuuliza wewe ni mtoto wa nani, ujue daftari halipo.