Kerio Ilivyolea Watoto Kabla ya Afisa wa Watoto

Historia ya ulinzi wa watoto nchini Kenya kwa kawaida husimuliwa kwa sheria: Sheria ya Watoto na Vijana ya 1963, Sheria ya Watoto ya 2001 iliyoanza kutumika Machi 2002, kisha ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake. Ukiifuata ratiba hiyo, vijiji kama Kerio, huko chini mto Kerio unakokaribia Ziwa Turkana, huonekana vimekuwa vikingoja Nairobi kwa miaka yote hiyo. Nadhani masimulizi hayo yameanzia mwisho. Katika Turkana, wananchi ndio waliobeba kazi ya kuwalinda watoto tangu zamani, na serikali iliwakuta kazini. Jambo la kuuliza ni hili: kila utaratibu mpya ulipoingia, je, wananchi hao waliachiwa uamuzi, au waliachiwa mzigo tu?

Tuanze na boma, ambalo Waturkana huliita awi. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mifugo ya familia za Waturkana na Wajie mwaka 1955, alionyesha jinsi boma moja lilivyogawanyika katika nyumba za wake, na kila nyumba, yaani ekal, ilivyokuwa na wanyama wake wa kukamwa. Maana yake kwa mtoto ilikuwa wazi: maziwa yake yalijulikana yanatoka kwa ng'ombe gani, ngamia gani au mbuzi gani, na mama yake alikuwa na haki ya kuyakama. Mzazi akifa, au ukame ukimaliza kundi, ndugu na marafiki wa mifugo walitarajiwa kumpokea mtoto, na shauri likizidi familia lilipelekwa kwa wazee chini ya mti wa wanaume. Haikuwa pepo. Mtoto aliyepokewa angeweza kugeuzwa mchungaji wa bure, na binti angeweza kuhesabiwa kwa mifugo ya mahari yake kabla ya kuhesabiwa kwa jina lake. Lakini kila mtoto alikuwa na mtu wa kuulizwa habari zake, na aliyeulizwa alijibu mbele ya majirani.

Serikali ya kikoloni haikujishughulisha sana na jambo hilo. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni hakuingia bila kibali, na nchi nzima ilikuja kuijua Lodwar kama mahali alipozuiliwa Jomo Kenyatta baada ya kutolewa gerezani Lokitaung mwaka 1959. Njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyobadilisha mambo. Kambi za chakula zilifunguliwa, wamisionari Wakatoliki wa Kiltegan waliingia 1961, na shule na zahanati zikafuata. Ziliokoa maisha, na hilo lisemwe bila kigugumizi. Hata hivyo chakula kilianza kukaa mahali pamoja huku mifugo ikiendelea kuhama, na wazazi wakalazimika kuchagua: mtoto abaki karibu na uji, au afuate kundi?

Somo kubwa zaidi lilikuja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, humo humo Turkana, mwaka 1992. Baada ya serikali ya Mengistu kuanguka Ethiopia mwaka 1991, maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini waliokuwa katika kambi za huko walirudi Sudan, wakatembea tena hadi mpaka wa Kenya, na hatimaye wakapelekwa Kakuma. Mashirika hayakuwa na makao ya kuwatosha watoto wengi hivyo, wala hayakupaswa kuwa nayo. Wavulana waliwekwa katika vikundi, wakajenga vibanda vyao vya udongo, wakapika kwa zamu, chini ya watu wazima wa jamii zao waliowaangalia na kuamua ugomvi wao. Wengine walipokewa na familia. Ulezi huo uliwavusha watoto ambao bweni lolote lisingewaweza. Lakini ulikuwa na ufa. Wasichana, kwa mila za Wadinka na Wanuer, waliingizwa moja kwa moja katika familia, na kwa hiyo majina yao yakatoka katika orodha ya watoto wasio na wazazi. Marekani ilipoanza kuwachukua vijana hao, mwaka 2000 na 2001, kati ya takriban 4,000 wasichana walikuwa 89 tu. Waliobaki walikuwa nyumbani kwa watu, wengine wakipika na kuteka maji, wengine wakingojea mahari ilipwe kwa walezi wao.

Hapo ndipo mpinzani atakaponishika. Atasema: umejijibu mwenyewe, jamii huficha, na mtoto hulindwa na afisa mwenye sheria mkononi. Nakubali nusu ya hoja. Jamii huficha, hasa pale mkosaji ni mjomba na msuluhishi ni ndugu yake. Ndoa za mapema na unajisi vilivyomalizwa kwa mbuzi chini ya mti havikupaswa kumalizwa hapo, bali polisi na mahakamani. Nusu ya pili siikubali. Wasichana wa Kakuma walipotea kwa sababu aliyeshika orodha hakuwa na habari za nyumbani, na aliyekuwa na habari za nyumbani hakushika orodha. Dawa yake ni kuwaweka pamoja.

Na afisa peke yake hatoshi. Kaunti ya Turkana ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Ndiyo maana Idara ya Huduma za Watoto imetegemea raia wa kujitolea, ambao hutembea kwa miguu hadi bomani, hujua boma lipi limehama na nani kabaki na bibi, na ndio hupigiwa simu kabla ya yeyote kukumbuka namba 116 ya msaada kwa watoto. Chini ya sheria ya 2001 kulikuwa na mabaraza ya ushauri ya wilaya, yaliyojaa maofisa. Sheria ya 2022 imeweka kamati za ushauri za watoto katika kaunti na kaunti ndogo, na imetambua ulezi wa ndugu pamoja na kafala ya Kiislamu. Kwa Turkana, kutambua ulezi wa ndugu ni kuandika kwenye karatasi kilichokuwa kikitendeka bomani siku zote.

Wapo pia wanaosema kwamba kujitolea ni sifa ya jamii, na kwamba ukimlipa raia unaua moyo wake. Hoja hii hupendwa na wasiotembea. Mwanamke anayeacha kusuka vikapu vya mkoma siku nzima ili afuatilie kesi ya mtoto ameshalipa kwa mfuko wake, na nauli ya kufika mahakama ya Lodwar anaitoa huko huko. Njaa ikizidi, ataacha, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo naziomba kamati za kaunti na kaunti ndogo mambo matatu. Wapeni wahudumu wa kujitolea wa Kerio na Kakuma posho ya safari kutoka bajeti ya umma. Wapeni daftari linalosomwa ofisini, lenye jina la kila msichana anayelelewa na ndugu. Na mnapokaa kuamua mtoto aende kwa nani, wawepo mezani, wenye kura.